Mzee Ojwang' na Kiswahili cha Majani Chai: Lafudhi, Kicheko na Utaifa katika Uigizaji wa Benson Wanjau

Utangulizi

Historia ya sanaa za maonyesho za Kiswahili imeandikwa zaidi kwa kufuata tamthilia zilizochapishwa kuliko kwa kuwafuata waigizaji. Mwanafunzi wa fasihi anaweza kuijadili Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein kwa fani na kwa maudhui, lakini huwa na machache ya kusema kuhusu mtu ambaye sauti yake iliwafikia Wakenya wengi kuliko tamthilia yoyote iliyowekwa kwenye mtaala. Mtu huyo ni Benson Wanjau, aliyejulikana na taifa zima kwa jina la Mzee Ojwang' Hatari, na ambaye alifariki mjini Nairobi mwezi Julai 2015 akiwa na umri wa miaka 78.

Makala haya yanaiangalia kazi ya Wanjau kwa jicho la hadhira yake, hasa hadhira ya nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet. Sababu ya kuchagua eneo hilo ni kwamba huko lugha aliyoigiza nayo, yaani Kiswahili chenye lafudhi ya lugha ya mama, ilikuwa lugha ya kazi, ya soko na ya ujirani kwa watu wa makabila mengi waliokutanishwa na zao moja. Huko pia ndiko swali zito kuhusu uigizaji wake linakoweza kuulizwa bila kuremba: je, kicheko kilichotokana na lafudhi kiliwakaribisha watu kwa wenzao, au kiliwazoeza kupimana kwa ndimi zao?

Usuli: Jukwaa, Redio na Runinga

Wanjau aliingia katika uigizaji wa utangazaji wakati ambapo Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) mwaka 1989, ndiyo iliyokuwa mwenye jukwaa pekee la kitaifa. Runinga ilikuwa imeanza nchini mwaka 1962, na hadi mwaka 1990, kituo cha KTN kilipoanzishwa, mtazamaji hakuwa na kituo cha pili cha kuhamia. Kwa hiyo mwigizaji aliyepata nafasi katika vipindi kama Darubini, Vioja Mahakamani na, zaidi ya vyote, Vitimbi, alikuwa akizungumza na nchi nzima kwa wakati mmoja. Ni hali ambayo mwigizaji wa leo hawezi kuipata hata akiwa na kipaji maradufu.

Kabla ya kizazi cha Wanjau, ucheshi wa Kiswahili hewani ulikuwa umepambwa na mafundi kama Mzee Pembe na Mzee Tamaa, ambao Kiswahili chao kilinukia pwani. Ucheshi wao ulitegemea ubingwa wa lugha: mafumbo, majibizano na maneno ya kuchoma yanayotamkwa na watu walioizaliwa lugha hiyo. Wanjau alikuja na kitu tofauti. Alikileta mbele ya kipaza sauti Kiswahili cha mtu wa bara, mtu aliyejifunza lugha hii njiani, kazini na mjini, na ambaye lugha ya mama haijawahi kumtoka kinywani.

Ni lazima pia kukumbuka ni jukwaa gani lililokuwa likifungwa wakati hili la runinga linafunguliwa. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, eneo ambalo nalo ni la majani chai, wakulima na wafanyakazi waliigiza kwa Kikuyu mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Onyesho lilipigwa marufuku, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huohuo, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Mwigizaji wa runinga ya serikali katika miaka ya 1980 alielewa fika mipaka yake. Vitimbi ilizungumzia nyumba na ujirani, deni na ulafi, mume na mke. Mhakiki anayeilaumu kwa kutogusa siasa hana budi kueleza pia ni nani aliyeigusa akabaki na jukwaa.

Usawiri wa Mhusika

Ojwang' ni mhusika bapa kwa namna alivyoumbwa, na hilo halikuwa aibu. Ni mzee mwenye kujiona, mwenye tamaa ndogondogo, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kusahau alichokasirikia. Sifa yake ya kudumu ni kwamba hujiona mshindi wa kila hila ilhali hila zenyewe humrudia. Wahusika wa namna hii ni wa zamani mno katika fasihi simulizi ya Afrika Mashariki. Fisi wa ngano, ambaye hufuata harufu mbili za nyama hadi akapasuka msamba, ni babu yake wa fasihi. Tofauti ni kwamba fisi hapendwi, ilhali Ojwang' alipendwa.

Chanzo cha mapenzi hayo kinapatikana katika uhusiano wake na Mama Kayai, mhusika aliyeigizwa na Mary Khavere. Wawili hawa waliigiza mume na mke kwa muda mrefu kiasi kwamba Wakenya wengi waliamini kuwa ni mke na mume hata nje ya studio. Mama Kayai ndiye mizani ya mzee wake. Anapopandisha sauti, yeye humshusha, na anapoanguka, ni yeye anayemwinua, ingawa si kabla ya kumsuta. Kwa sababu hiyo kicheko cha mtazamaji hakikumwelekea mzee peke yake, bali kiliielekea ndoa nzima, pamoja na mapatano yake madogomadogo ambayo kila mwenye nyumba anayafahamu.

Wanjau alikuwa Mkikuyu, na Khavere hakuwa Mjaluo. Hata hivyo wote wawili waliigiza Wajaluo, kwa Kiswahili, mbele ya taifa lote. Jina la mhusika mwenyewe ni muhtasari wa jambo hilo: Mzee na Hatari ni Kiswahili, Ojwang' ni Kijaluo, na mtu aliyelibeba alitoka katika jamii ya tatu. Nchi ambayo siasa zake, tangu miaka ya 1960, zilikuwa zimejengwa juu ya uhasama wa vinara wa jamii hizo mbili ilimkubali Mkikuyu aliyegeuka Mjaluo kila wiki bila upande wowote kumfukuza. Hili si jambo dogo katika historia ya utamaduni wa Kenya.

Lafudhi kama Fani

Wahakiki wengi huitaja lafudhi ya Ojwang' kwa neno moja, "inachekesha", kisha huendelea na mambo mengine. Inafaa kuichunguza kama fani. Kijaluo hakina sauti za /sh/, /z/ na /v/ katika mfumo wake wa asili. Kwa hiyo mzungumzaji wake anapojifunza Kiswahili, shamba huelekea kuwa samba na mzee huelekea kuwa msee. Kikuyu kina matatizo yake mengine, na linalojulikana zaidi ni kukosa kutofautisha /r/ na /l/. Mkikuyu anayetaka kuigiza Mjaluo ana kazi mbili kwa hiyo: kuziacha alama za lugha yake, na kuzivaa alama za lugha ya jirani. Akiteleza, hadhira itasikia mtu wa tatu asiyekuwapo katika mchezo. Wanjau alidumu katika kazi hii mbili kwa miongo kadhaa, na ushahidi wa ufundi wake ni kwamba watu wengi walishangaa walipolisikia jina lake la kuzaliwa.

Kuna njia mbili za kuitumia lafudhi katika ucheshi. Ya kwanza ni kuifanya lafudhi yenyewe kuwa mzaha: mhusika hafanyi lolote ila kutamka vibaya, na hadhira humcheka kwa kutokuwa kama wao. Ya pili ni kuifanya lafudhi kuwa vazi la mhusika mwenye akili, tamaa na huzuni zake, ili kicheko kitokane na anachofanya. Uigizaji wa aina ya kwanza hauvuki mwaka, kwa kuwa sikio huzoea. Vitimbi ilidumu, na kudumu kwake ni dalili kwamba Wanjau alielekea katika njia ya pili. Hii haina maana kwamba hakuwahi kuangukia ya kwanza. Zipo nyakati, kama ilivyo kwa kila kipindi kirefu, ambapo kofia, sura na matamshi vilibeba mzigo ambao hadithi ilishindwa kuubeba.

Wakati wa kipindi hicho nao una maana. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Mtoto wa miaka hiyo alifundishwa mchana kwamba kuna Kiswahili kimoja sanifu, na kwamba kila kosa la matamshi au la upatanisho wa kisarufi linamnyima alama. Jioni alimwona mzee aliyevunja kanuni hizo zote na bado akaeleweka, akapendwa na kuheshimiwa. Walimu waliolalamika kwamba vipindi hivi viliharibu Kiswahili cha wanafunzi walikuwa na hoja. Lakini ilikuwapo hoja ya pili: Ojwang' aliwaambia wazazi wa watoto hao, ambao hawakuketi mbele ya mtahini yeyote, kwamba lugha ya taifa ni yao pia.

Hadhira ya Nchi ya Majani Chai

Hakuna mahali ambapo hoja hiyo inajithibitisha vyema kuliko Kericho na Bomet. Baada ya ardhi ya Wakipsigis kutwaliwa na serikali ya kikoloni, makampuni makubwa ya Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, yalianza kilimo cha chai huko katikati ya miaka ya 1920. Mashamba yalihitaji mikono mingi, nayo ikatoka pande zote: Wakipsigis wenyewe, Wajaluo, Wakisii, Waluhya na wengine. Baada ya uhuru, halmashauri ya KTDA iliyoundwa mwaka 1964 iliwafungulia mlango wakulima wadogo, na viwanda vya maeneo kama Litein, Kapkatet na Mogogosiek vikawa vitovu vipya vya biashara na makutano. Bomet, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho hadi mwaka 1992, ilikua ndani ya uchumi huohuo.

Katika kambi za mashamba makubwa, lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Nyapara aliitumia kugawa mistari ya kuchuma, karani aliitumia kwenye mizani, na wachumaji waliitumia kubishana naye juu ya kilo zilizopungua. Kiswahili hicho hakikutoka katika kitabu. Mjaluo alikitamka kwa sauti za Kijaluo, Mkisii kwa za Kikisii, na Mkipsigis kwa zake. Mtu aliyemsikia Ojwang' katika mazingira hayo hakumsikia mgeni. Alimsikia jirani wa nyumba ya pili, yule waliyepanga naye foleni ya mizani asubuhi.

Kuna jambo la kiisimu hapa ambalo linastahili kutiliwa mkazo. Kikalenjini, ambacho Kikipsigis ni tawi lake, ni lugha ya Kinailoti kama Kijaluo kilivyo. Nacho hakina /z/ wala /v/ katika mfumo wake wa asili, na hakitenganishi /p/ na /b/ au /k/ na /g/ kwa namna Kiswahili kinavyozitenganisha. Majina yake, kama Cheruiyot, Lang'at au Bett, huishia kwa konsonanti kama Ojwang' linavyoishia, kinyume cha desturi ya maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo Mkipsigis aliyemcheka Ojwang' kwa kushindwa na sauti fulani alikuwa akicheka udhaifu ambao yeye mwenyewe alikuwa nao, au ambao baba yake alikuwa nao. Msikilizaji wa Mombasa au Lamu angeweza kumcheka Ojwang' kutoka juu, lakini msikilizaji wa Kericho alimcheka akiwa bega kwa bega naye.

Nchi hii ilikuwa na mazoea ya kale ya kuipokea sauti ya mbali na kuigeuza kuwa yake. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi huko Kapkatet wimbo wa wasichana wa Kipsigis kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika kupitia santuri na gramafoni. Wakipsigis walilipa jina lake matamshi yao, na wasichana wakamwimba kama kiumbe nusu mtu na nusu paa. Tukio hilo hunukuliwa mara nyingi kama kioja. Ukweli ni kwamba linaonyesha hadhira isiyokaa kimya mbele ya mashine. Hadhira hiyohiyo, kizazi au viwili baadaye, ndiyo iliyompokea Ojwang' kupitia redio na runinga na kumfanya mtu wa kwao.

Mipaka ya Kicheko

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapo na kusema kwamba kicheko kiliunganisha taifa. Historia ya eneo lenyewe inakataa. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi waliwatambua watu wa Efraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa kuwaamuru waseme Shibolethi. Aliyesema Sibolethi aliuawa. Tofauti ya /sh/ na /s/, ambayo katika Vitimbi ilizaa kicheko, katika simulizi hiyo ilizaa mauti. Lafudhi ni kitambulisho ambacho mtu hawezi kukiacha nyumbani, na jamii inayocheka lafudhi leo inaweza kesho kuitumia kumtenga mwenye lafudhi hiyo.

Mapigano ya kikabila yalipozuka katika Bonde la Ufa mwishoni mwa mwaka 1991 na kuendelea mwaka 1992, Wajaluo walikuwa miongoni mwa waliofukuzwa mwanzo, na mpaka wa Kericho na nchi ya Wajaluo, hasa sehemu za Sondu, uliona damu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizoua watu 1,133 nchini kwa hesabu ya Tume ya Waki zilifika hadi ndani ya mashamba ya chai ya Kericho. Safari hii waliolengwa zaidi walikuwa Wakisii na Wakikuyu, walioonekana kuwa wafuasi wa upande wa pili wa siasa. Wafanyakazi walishambuliwa katika makao waliyopewa na mwajiri. Baadhi ya walionusurika walipeleka kesi Uingereza dhidi ya kampuni mama ya shamba lao, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya huko ilikataa kesi hiyo isiendelee.

Ukiiweka historia hiyo karibu na jukwaa la Wanjau, jambo moja linajitokeza. Mwaka 1992 jina lake la jukwaani lingemtia hatarini huko Sondu, na mwaka 2008 jina lake la kuzaliwa lingemtia hatarini huko Kericho. Watu walioweza kumpenda Mkikuyu ndani ya Mjaluo kila wiki hawakuweza, katika miezi hiyo, kumwachia jirani mmoja kati ya wawili hao nyumba yake. Kosa hilo haliwezi kubebeshwa mchekeshaji. Linabebwa na wale walioigeuza ardhi, kazi na kura kuwa mali ya ukoo. Ila ni kosa la mhakiki kuutwika ucheshi mzigo wa kuleta amani, kisha akausifu kana kwamba uliubeba.

Katika muda huohuo hadhira yenyewe ilikuwa ikigawanyika. Kuanzia mwaka 2000 vituo vya redio vya lugha za mama, kama Kameme kwa Kikuyu, Ramogi kwa Kijaluo na Kass kwa Kikalenjini, vilianza kumpa kila msikilizaji hewa yake. Vituo hivyo vilizipa lugha za wananchi heshima iliyokuwa imechelewa. Hata hivyo, saa moja ambayo Mkipsigis, Mjaluo na Mkikuyu waliisikia sauti moja ya Kiswahili chenye makovu ilipungua umuhimu, na hakuna kilichochukua nafasi yake kikamilifu.

Malipo ya Kicheko

Miaka ya mwisho ya Wanjau inauliza swali jingine, la haki. Macho yake yalififia, na ilijulikana kote kwamba umaarufu wake haukumwachia akiba ya kumtibu. Wananchi, wasanii na watangazaji walichanga fedha ili atibiwe. Mchango huo ulikuwa ushahidi wa mapenzi, na pia ushahidi wa deni. Mtu aliyejaza saa za utangazaji wa taifa kwa miongo kadhaa, na ambaye vipindi vyake vilirudiwa mara nyingi, alifika uzeeni akitegemea hisani ya waliomtazama. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ilitambua haki za waigizaji juu ya maonyesho yao, lakini ilikuja baada ya sehemu kubwa ya kazi yake kufanyika.

Hali hii haikuwa ya Kenya peke yake. Nchini Tanzania, Amri Athumani wa Tanga, aliyependwa kwa jina la Mzee Majuto, alifariki mwezi Agosti 2018 baada ya ugonjwa uliowafanya wananchi na viongozi kujitokeza kumsaidia, na suala la mikataba ya wasanii likajadiliwa hadharani. Mfanano wa visa hivi viwili unaonyesha kwamba jamii za Afrika Mashariki zimezoea kumlipa mchekeshaji kwa mapenzi. Mchumaji wa chai anaelewa vizuri zaidi ya wengi tofauti kati ya kusifiwa kwa wepesi wa mikono na kulipwa kwa kilo zilizopimwa.

Hitimisho

Benson Wanjau hakuandika tamthilia, wala hakuacha nadharia ya uigizaji. Alichoacha ni mhusika ambaye kupitia kwake Kiswahili cha watu wasio wenyeji wa lugha kiliingia katika sebule ya taifa bila kuomba radhi. Katika nchi ya majani chai, ambako lugha hiyo ndiyo iliyowawezesha watu wa jamii nyingi kufanya kazi, kuoana na kugombana, uigizaji wake ulikuwa picha ya maisha yao zaidi ya kuwa kejeli yake. Picha hiyo haikuwazuia kuumizana. Iliwaonyesha tu kwamba kulikuwa na namna nyingine ya kumsikia jirani.

Utafiti zaidi unahitajika, na unahitajika mapema. Kanda za vipindi vya zamani huchakaa, na wazee waliovitazama na kuvisikiliza katika kambi za Kericho na masoko ya Bomet wanazidi kupungua. Idara za fasihi zinazowatuma wanafunzi kukusanya ngano na methali zina sababu nzuri ya kuwatuma pia kukusanya kumbukumbu za hadhira: ni nani aliyecheka, alicheka kwa lugha gani, na ni nani aliyeketi kando yake.